Nilivyomrefusha Bibi

Mimi ni mfupi. Mstarini shuleni nasimama mbele kabisa tangu kidato cha kwanza, na sasa niko cha tatu, na kuna jitu moja la darasani huniwekea daftari kichwani likiandika. Ndiyo maana nilijifunza simu. Ukipigwa picha kutoka juu, unakuwa chura. Lakini simu ikilazwa chini, karibu na viatu vyako, ikaangalia juu, miguu inakuwa nguzo za umeme na kichwa kinakwenda kukaa na mawingu. Mwaka mzima nilikuwa mrefu kwenye status. Ana kwa ana sijavuka bega la mtu.

Isipokuwa la Bibi. Naishi naye, mzaa mama, kwenye kijiji cha mpunga na ng'ombe, njia ya kwenda Ushirombo. Nikinyoosha mkono pembeni, anapita chini ya kwapa langu bila kuinama. Jumamosi moja baada ya mavuno alikuwa uani anapeta, jua likiwa nyuma yake, nikapata wazo la kijinga. Mawazo ya kijinga huwa siyacheleweshi. Nikaiegemeza simu kwenye jiwe, hatua moja kutoka miguuni pake, nikamwambia aendelee kama sipo. Akarusha mpunga juu kwa ungo, makapi yakapaa, akadaka, akarusha tena. Nikaipunguza video mwendo, nikaandika "Bibi anaingia zamu", nikaiweka status.

Nilicheka mpaka nikaketi chini. Halafu nikaitazama tena peke yangu, na sikucheka sana.

Mle ndani Bibi hakuwa Bibi. Jua lilikuwa limemfuta uso, hana macho wala mdomo, ni giza lenye kilemba. Kichwa kilipita paa, kikapita mpapai. Ungo ulipanda polepole, mkubwa kuliko mlango, na kuna mahali mikono yake ilikuwa imeuachia: ungo umekaa hewani wenyewe, yeye yuko chini yake kama anayesubiri kuupanda. Kwetu hakuna asiyejua wachawi wanasafiri na nini. Nilijua na mimi. Huo ndio ulikuwa utani wenyewe.

Kabla ya wiki kuisha video ilinirudia kutoka kwa mjomba, anayechimba dhahabu kwenye duara moja, shimo la wachimbaji wadogo, huko Geita. Wenzake walikuwa wanaitazama wakisubiri zamu ya kushuka shimoni, wanaisimamisha, wanaikuza. Wanasema ukiangalia vizuri miguu haigusi ardhi. Mjomba hakunitania kama kawaida yake. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama amekuwa mrefu lini?"

Wiki hiyohiyo jirani yetu alipoteza ng'ombe wawili. Bibi akifika bombani, maongezi yanakatika. Watoto waliokuwa wakimwomba karanga walianza kusimama mbali, na sikuelewa wanatazama nini mpaka siku moja nikasimama nao. Walikuwa wanatazama kivuli chake, saa sita mchana, kama wanakipima.

Bibi ana macho mekundu, kwa moshi wa jiko la kuni tangu utotoni. Huku mwanamke mzee mwenye macho mekundu ana matatizo ya kutosha. Mimi nikamwongezea mita tatu.

Mwishowe akaniambia nimwoneshe. Nilimpa simu nikijiandaa kwa kofi. Aliitazama mara tatu, simu ameiweka karibu kabisa na pua.

"Huyu ni mama yangu," alisema.

Akanieleza huku akichambua mchele, bila kuninyanyulia uso. Mama yake alikuwa mrefu, mrefu wa kuinama milango yote. Walikuwa wakikaa upande wa Songwa. Maneno yalianza kidogokidogo, kisha asubuhi moja wakaondoka kwa miguu, yeye amebeba kuku, mama yake amebeba ungo. Nikasema, kwa sababu mdomo wangu hauna breki, kwamba angalau hakuna aliyempiga video.

"Hawakuhitaji," alisema Bibi.

Alhamisi mchana ukapigwa mwano, lile yowe la sungusungu la kuita watu wote. Tukakusanyika uwanja wa shule ya msingi, wanaume na mishale yao upande mmoja, na kila mtu alijua ni nani anayeitwa. Bibi alioga, akavaa kitenge cha kanisani. Aliniambia nibebe simu. Ungo aliubeba mwenyewe.

Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na utani hata mmoja. Nilikwenda mpaka mbele ya mtemi wa sungusungu, mzee mwenye sauti ya upole inayotisha kuliko ya ukali, nikaamkia, nikaomba nimpige video.

"Ya nini?"

"Nikurefushe, mtemi. Kama nilivyomrefusha Bibi."

Nikamwambia inabidi ashike ungo. Bibi alimnyooshea. Mtemi aliutazama, na naapa mkono wake ulisita kabla ya kuupokea. Nikalala kifudifudi vumbini, simu karibu na makubazi yake, jua nyuma yake. Akaurusha mara moja tu.

Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Waliotangulia kuiona walicheka, waliofuata hawakucheka. Mtemi alikuwa amepita mlingoti wa bendera, hana uso, na ungo uko hewani juu yake, hakuna anayeushika. Wakawa wanamwangalia yeye, kisha simu, kisha yeye. Alipoletewa akajitazama. Ingetosha mtu mmoja kusema "mchawi" kwa sauti, na hakuna aliyethubutu.

"Futa," akaniambia. Kisha akawageukia watu. "Ni mambo ya simu. Nendeni majumbani."

Nilifuta zote mbili. Bibi akachukua ungo wake tukarudi. Sasa anapetea ndani, mlango umefungwa, anakohoa kwa makapi, na majirani wanamwamkia wakiwa mbali kidogo kuliko zamani.

Juzi video imenirudia tena, kwa namba nisiyoijua ya huko Buzwagi. Mtu ameandika kwamba ni bibi wa kijiji kingine kabisa, ametaja na jina la kijiji. Nimejibu kwamba ni simu tu iliyolazwa chini. Akaniuliza, wewe umejuaje.

Nilichora mstari wa chaki kwenye fremu ya mlango, sawa na kichwa cha Bibi. Kila Jumamosi namsimamisha pale, visigino kwenye fremu, naangalia. Hajavuka mstari. Yeye husimama wima bila kulalamika, macho mbele.

"Nimekua?" huniuliza.

Ni utani, najua. Lakini huwa naangalia mara mbili ndipo nimjibu.