Tairi Nene la Leonard

Damiani ni fundi wa pikipiki pale Ilongero. Kwa miaka ishirini na mbili hakuna aliyewahi kumlaumu kwa kazi mbovu. Waendesha bodaboda wa kwenda Singida mjini walikuwa wakimwachia pikipiki zao asubuhi, wanakwenda kunywa chai, na wakirudi wanazichukua bila hata kuuliza alichofanya.

Mwaka juzi, msimu wa kuvuna alizeti, Leonard, mume wa Felista, alifika kwa Damiani. Alikuwa amepata kazi ya kubeba magunia kutoka mashambani hadi kwenye mashine ya kukamua mafuta mjini. Njia za huko ni mchanga mtupu, na tairi lake la nyuma lilikuwa linazama. Pikipiki ile ilikuja na tairi la 3.00-17, yaani unene wa inchi tatu kwenye ringi ya kumi na saba. Leonard akaja na la 3.50 la ringi hiyohiyo, lenye kashata kubwa, yale meno ya kushika mchanga, akaomba afungiwe.

Damiani alilifunga. Lilipokaa, akapitisha kidole kati ya tairi na kava la cheni, kikapita kwa shida. Alijua kwamba tairi nene kwenye ringi nyembamba hulala upande likibebeshwa mzigo, na ile nafasi ya kidole ingekwisha. Lakini watu wanne walikuwa wakisubiri zamu, na Leonard alikuwa na haraka. Damiani akamwambia litafaa.

Siku ya tisa tairi lilipasuka mteremkoni, pikipiki ikiwa na magunia mawili. Leonard alifia palepale. Watu wakasema alikuwa anakimbiza, ikaishia hapo. Pikipiki ilipopelekwa nyumbani kwa marehemu, Damiani alikwenda kuitazama peke yake. Ubavuni mwa tairi, upande wa kava la cheni, palikuwa na alama ndefu iliyolika mpaka nyuzi za ndani zikaonekana. Hakumwita mtu. Alikwenda msibani, akachimba kaburi pamoja na wanaume wengine, na Felista akamshukuru kwa kujitoa.

Tangu siku hiyo kanisani akawa anakaa benchi la nyuma, na wakati wa komunyo hainuki. Mkewe, Selina, alipomuuliza, alisema magoti yanamuuma. Kazini, aliyetaka tairi la kuzidi saizi alirudishwa bila maelezo, na wengi wakahamia kwa mafundi wengine.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, Felista alikuja akiisukuma pikipiki ileile. Alikuwa ameinyoosha usukani na kuibadilishia taa. Akaamkia, akaeleza kwamba amejifunza kuendesha kwa shemeji yake, Emilian, na sasa anataka kubeba mwenyewe kuku na mayai yake kupeleka sokoni mjini. Kilichobaki ni matairi.

"La nyuma nifungie nene, kama lile la Baba Pendo," alisema. "Alilisifu sana."

Damiani aliweka spana chini. Alifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akamwomba akae kwenye benchi. Akamweleza yote: kidole kilivyopita kwa shida, foleni ya wateja, neno alilosema, na alama aliyoiona baadaye. Hakuacha kitu.

Felista alisikiliza akitazama gurudumu la nyuma. Mwishowe akauliza, "Siku ile ulijua?"

"Nilijua nafasi ni ndogo, Mama Pendo. Sikujua kama itamuua. Lakini nilijua ni ndogo."

Felista alinyanyuka, akaisukuma pikipiki yake mpaka ikapotelea nyuma ya maduka. Jioni ile Damiani alimweleza Selina, naye akalia, akamwambia asingojee kuitwa. Kesho yake wakaenda wote wawili nyumbani kwa Emilian, na Damiani akarudia maneno yaleyale mbele ya ukoo wa Leonard. Wapo waliotaka afikishwe polisi. Yupo mzee mmoja aliyetoka nje bila kuaga. Emilian alisema mwenye kauli ni mjane, naye asiharakishwe.

Zikapita wiki tatu. Kisha Felista akatokea tena na pikipiki, safari hii bila salamu.

"Nifungie saizi yake," alisema. "Na unionyeshe."

Damiani akamsomesha namba zilizoandikwa ubavuni: 2.75 mbele, 3.00 nyuma, na kumi na saba ya ringi kwa yote mawili. Akamwambia kwamba mchangani atazama kidogo, kwa hiyo apunguze mzigo na aende taratibu. Baada ya kufunga, alikaa yeye mwenyewe juu ya pikipiki na kumwita Selina, aliyekuwa amemletea chakula, apande nyuma, ili uzito uwepo. Felista akachuchumaa, akaingiza vidole vyake kati ya tairi na kava. Vikapita viwili. Akavirudisha tena kupima upande wa pili.

Akawasha, akaondoka kuelekea barabara ya mjini.

Sasa huja kila baada ya wiki chache kukaguliwa matairi. Hazungumzi naye zaidi ya kazi, na Damiani hamwombi zaidi ya hapo. Jumapili moja, Selina akiwa pembeni yake, Damiani aliinuka wakati wa komunyo, akafuata mstari hadi mbele.