Disko Iliyosafishwa

Jumanne nilikuwa kwa fundi wa redio hapa Kakamega, kaseti yangu mfukoni, nikingoja zamu. Mbele yangu mzee mmoja alikuwa amekuja kuchukua nyimbo zake za disko za miaka ya themanini, ambazo fundi alizitoa kwenye kaseti akazitia kwenye flashi. Mzee alivaa hedifoni asikilize. Vinanda vya umeme vilipoanza, mabega yakacheza, vidole vikapiga ngoma juu ya kaunta. Ghafla mabega yakatulia.

"Mama ako wapi?"

"Mama gani, mzee?"

"Hapa kinanda kikiingia, ananiitanga nikule obusuma. Nilikuwa narekodi kutoka kwa redio, na yeye ako jikoni."

Fundi alitabasamu kwa fahari. "Hiyo kelele nilitoa yote na kompyuta. Sasa ni safi kabisa."

"Na kaseti yenyewe?"

"Ilikuwa imeisha, mzee. Nilitupa."

Mzee alivua hedifoni polepole, akazisukuma kando kama sahani ya chakula kilichomshinda. Akasema asante.

Nimechoka na huu usafi wetu. Fundi aliponigeukia, nilinunua betri mbili nikaenda zangu.