Banda Alilolikataa Punda

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Bangale, Afisa wa Mifugo aliniuliza swali kabla sijaketi.

"Punda akiwa na baridi, utamshika wapi ujue?"

"Puani," nikasema.

"Pua ya punda haina habari yoyote. Shika shina la sikio, pale linapoota kichwani. Pakiwa baridi, huyo anateseka."

"Kwa nini sikio?"

Alicheka hadi akaiweka chai chini. "Hata kiti hujakalia, tayari kwa nini! Karibu, Bi Kwa Nini."

Jina likanishika papo hapo.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya afya ya mifugo, na karibu kila nilichosoma kuhusu baridi, mvua na upepo kilimhusu farasi. Nilishangaa kugundua kwamba punda si farasi mdogo. Manyoya ya farasi yana mafuta, maji huteleza juu yake. Ya punda hunyonya maji kama taulo, na upepo ukimkuta ameloa, joto la mwili linatoroka. Bangale ni kukavu, na mtu angedhani baridi huko ni mzaha. Lakini mvua ya kwanza baada ya ukame, ikija na upepo, huwaangusha wanyama waliokonda. Tulijifunza kuwapa majani makavu mapema, maana tumbo linalosaga majani magumu hutoa joto kama jiko.

Mvua ikija, wenye punda wote waliwafunga karatasi za nailoni mgongoni. Kila mtu aliniambia inasaidia, kwa hiyo nikashuku. Nikachukua punda wawili walioloa: mmoja nikamwacha na nailoni, mwingine nikamsugua kwa gunia kavu na kumweka nyuma ya ukuta wa mikeka. Baadaye nikaingiza mkono chini ya nailoni. Jasho tele! Ngozi imelainika, tayari kuota vidonda. Yule wa gunia alikuwa mkavu, anatafuna. Nilipiga kelele za furaha mpaka punda wote wawili wakanigeukia.

Kisha nikahamishiwa Tarasaa, chini ya Afisa Mkuu mmoja, mtu nadhifu aliyependa mambo yaonekane. Alikuwa amejengewa banda la mfano la punda wa kubeba maji, kando ya barabara ya Malindi: mabati mapya, sakafu iliyoinuliwa kwa udongo, makapi ya mpunga juu yake ili kwato zisiloe na kuoza. Kuta tatu, na upande wa nne wazi. Lilikuwa zuri kweli. Mgeni rasmi alitarajiwa kulifungua wiki hiyo.

Mama Hadija, mchuuzi wa maji, alikuwa na punda mmoja tu, jike mwenye mimba kubwa. Mvua ya kusi ilipoanza alimvuta hadi bandani. Punda akaingia, akageuka, akatoka, akaenda kusimama nyuma ya ukuta, nje.

"Ukaidi," Afisa Mkuu alisema. "Mfunge ndani."

"Kwa nini anakataa?" nikauliza.

"Kwa sababu ni punda, Bi Kwa Nini." Sifa zangu zilikuwa zimenitangulia. Akaondoka kwenda kumpokea fundi wa hema la wageni.

Nikaingia mimi bandani, nikasimama aliposimama punda. Mvua ilinipiga usoni! Upande wazi ulielekea barabarani, ili wageni waone wanyama wakiwa wamepangwa vizuri, na barabarani ndiko upepo wa kusi unakotokea. Nyuma ya banda, nje kabisa, palikuwa pametulia. Punda alikuwa ameshalikagua banda kabla yetu.

Mchana ule ule akaanza uchungu, anatetemeka. Nikamshika sikio. Baridi.

"Huyu akienda na mtoto wake," Mama Hadija alisema, "mimi nabeba mitungi kwa kichwa mpaka kaburini."

"Tuzibe mbele, tufungue nyuma. Tutaziba na nini?"

Mama Hadija alikimbia kwake, akaanza kung'oa mikeka ya nyumba yake mwenyewe.

"Mama, nyumba italoa! Watoto je?"

"Watoto wana jirani. Huyu ana jirani gani? Shika huko, daktari, wacha maneno."

Tukaitundika mbele, tukaacha nafasi juu hewa ipite. Nyuma nikabandua mabati mawili kwa nyundo ya kuazima. Punda akatazama, akaingia mwenyewe. Tulimsugua kwa magunia, tukampa majani. Mtoto alizaliwa pakavu, miguu mirefu kama vigingi, na tukamsugua naye mpaka akasimama. Mama Hadija alinikumbatia huku tukichuruzika maji kama nguo zilizoanikwa mvuani.

Afisa Mkuu akatokea. "Nani amebomoa banda la serikali?"

"Mimi, bosi."

"Na mgeni rasmi atapita wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma kuna matope!"

Na matope ndiyo aliyoyapita. Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alizunguka akiwa ameinua suruali, akauliza kwa nini hakuna mlango wa mbele. Mama Hadija akamjibu: "Mbele kunaingia mvua, mheshimiwa. Wewe una koti."

Mgeni rasmi alicheka. Wiki iliyofuata mikeka ya Mama Hadija ilirudi nyumbani kwake, na upande wa barabarani ukazibwa kwa mabati.

Wanaostaafu huandika kumbukumbu wakiwa na mvi. Mimi mkataba wangu umekwisha nikiwa bado kijana, na ninakwenda kazi nyingine, lakini naona nimestaafu kutoka kitu kimoja: kuamini mchoro kabla sijasimama ndani yake. Wewe utakayenirithi, bishana na wakubwa, bishana na vitabu, bishana na haya ninayoandika. Ila loa kwanza.

Siku ya kuaga nilipita bandani. Mvua ilikuwa inapiga kwa upepo wa kusi. Niliita, nikanyoosha majani mkononi, nikaita tena. Punda na mtoto wake walinitazama kutoka kwenye makapi makavu, wakatikisa masikio, wakakataa katakata kutoka. Sijawahi kufurahia kukataliwa namna hiyo.