Kakakuona Aliyenivua Suruali Ngulyati

Kuna watu wazima hapa Bariadi, wenye wajukuu, ambao mpaka leo tukikutana sokoni hunitazama kwanza kiunoni ndipo wapandishe macho usoni kunisalimia. Siwalaumu. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Aibu niliyoipata siku ile pale Ngulyati haikuwa aibu ya kujifungia ndani kwa muda ikapoa. Ni aibu iliyohamia, ikajenga, ikapanda na miti ya kivuli, na kwa kuwa kila mtu anaisimulia anavyotaka (wengine wanasema nilikuwa uchi kabisa, jambo ambalo si kweli, nilikuwa na koti na tai), nimeona bora niisimulie mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mitumba imejaa minadani, wanunuzi binafsi wa pamba wanapita vijijini na pikapu zao, magazeti mapya yanaanzishwa na kufa kabla wino haujakauka, na sisi wasomi wa mashirika ya umma tunapunguzwa kazi. Nilipunguzwa nikiwa Dar es Salaam, nikarudi nyumbani Bariadi na mke wangu Limi, shahada yangu, na maboksi ya majarida ya Kizungu ambayo maktaba ya shirika ilikuwa inayatupa. Limi alitaka tuyatupe na sisi. Mimi nikasema hapana, hii ndiyo mali.

Basi nikawa natafsiri habari za maajabu kutoka kwenye yale majarida na kuzipeleka kwenye gazeti moja dogo la Mwanza: mtu wa kale aliyekutwa kwenye barafu huko milima ya Ulaya akiwa bado na viatu vyake, makaburi ya wafalme yaliyofukuliwa jangwani, zimwi la ziwani ambalo kila mtu kalisikia na hakuna aliyelishika mkia. Gazeti lilinilipa kwa kuniletea nakala yake, tena ya wiki iliyopita. Limi alikuwa analima. Jioni moja nilikuwa namsimulia habari za yule mtu wa barafu, namna wataalamu walivyochunguza tumbo lake wakajua alikula nini siku ya mwisho, naye anapepeta mchele, hainui kichwa, akaniuliza, “Huyo mtu wa barafu, palizi alikuwa analimiwa na nani?”

Nilicheka. Nilidhani ni utani. Palizi ilipokwisha alifunga nguo zake akarudi kwao Ngulyati.

Kwetu mke akirudi kwao mume hamfuati kama anayetafuta mbuzi aliyepotea. Unatafuta mshenga, mshenga anapeleka maneno, maneno yanarudi, yanapelekwa tena, mpaka baba mkwe aridhike kwamba umeshateseka vya kutosha. Mimi niliteseka msimu mzima. Hatimaye baba mkwe wangu, Mzee Luhende, akatuma ujumbe ulionyooka: nije Jumamosi kabla jua halijafika utosini, wazee wa ukoo watakuwa wamekaa, niseme mbele yao nitaishije na binti yake. Nikisema likaeleweka naondoka na mke wangu. Nisipofika kwa wakati, au nikifika na hadithi, anarudisha ng'ombe za mahari kwa baba yangu na mambo yanaishia hapo. Na kila mtu alijua kwa nini mzee ana haraka: kuna mnunuzi mmoja wa pamba, kijana mwenye pikapu, alikuwa amezidisha kupita pale nyumbani kusalimia na kunywa maziwa.

Mshenga wangu alikuwa Mzee Nkwabi, rafiki wa baba, aliyestaafu kazi ya kupima pamba kwenye mzani wa ushirika. Asubuhi ile tulitoka na baiskeli zetu, mimi nimevaa koti, tai, na suruali ya mtumba niliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo, pana chini kama kengele, mtindo ambao Wazungu walikuwa wameuacha tangu nikiwa sekondari. Njiani aliniambia neno moja tu. “Baba, leo huna macho wala masikio. Una mdomo. Tukifika unasema uliyoyaandaa, tunaondoka na mtoto wa watu.” Nikamjibu nimeelewa. (Nilikuwa nimeelewa kweli. Kuelewa hakujawahi kuwa tatizo langu.)

Tulipokaribia kiwanja cha shule pale Ngulyati tukakuta umati. Kakakuona ameonekana.

Kwa asiye wa huku niseme kidogo. Huyu ni mnyama mwenye magamba mwili mzima, mpole, haonekani ovyo, anaweza kupita miaka mtu asimwone, na akionekana haguswi kwa ubaya. Anapelekwa uwanjani, anatandikiwa vitu mbele yake, halafu watu wananyamaza, na kile atakachokiendea ndicho mwaka. Akienda kwenye maji, mvua. Akienda kwenye unga, chakula. Mkuki, vita, basi kila mtu anarudi kwake kimya. Mwaka ule walikuwa wameongeza na furushi la pamba, maana watu walitaka sana kujua hizi pikapu zinatupeleka wapi.

Mzee Nkwabi hakushuka kwenye baiskeli, aliweka mguu mmoja tu chini. Akanyoosha mkono, akanionyesha nyumba ya wakwe zangu, inaonekana pale pale, ng'ambo ya mashamba, na ua wake wa mkonge. Akasema wazee wameshakaa, anawaona. Mimi nikasema dakika tano. Nilikuwa na kamera shingoni, niliyobakia nayo kutoka Dar es Salaam, na kichwani nilikuwa nimeshaandika nusu ya habari. Miaka yote hiyo nilikuwa natafsiri maajabu ya watu wengine, na leo ajabu la kwetu linapita mbele yangu kwa miguu. Dakika tano tu, baba. Nikamwachia baiskeli.

Watu walikuwa wamejipanga mbele wamebanana, hakuonekani kitu, kwa hiyo nikapanda kichuguu kilichokuwa pembeni ili nione juu ya vichwa. Kichuguu kikamomonyoka. Nikazama mpaka juu ya vifundo, mchwa wakaniingia kwenye viatu na kwenye ule mdomo mpana wa suruali, nikajikung'uta haraka haraka, si vile ambavyo ningejikung'uta kama ningejua, halafu nikapenya kwa nguvu mpaka mstari wa mbele, nikachuchumaa na kamera yangu.

Mnyama alikuwa anatembea kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani kama katekista anayeelekea altareni. Akayapita maji. Akaupita unga, kina mama wakaguna. Akaupita mkuki, watu wakapumua. Alipofika kwenye pamba akasimama, akanusa, nikasema hii ndiyo picha, nikasogeza jicho kwenye kamera, na ndani ya kile kidirisha nikamwona anakua, anakua, mpaka akajaa kidirisha chote, na nilipoondoa kamera usoni alikuwa ameshaingiza kichwa kwenye suruali yangu.

Ulimi wa kakakuona ni mrefu kuliko unavyofikiri. Nitaishia hapo. Nilirusha mguu, kina mama wakapiga vigelegele, mnyama akashtuka, na kakakuona akishtuka hufanya jambo moja tu, anajikunja akawa mpira, magamba nje, na alichokuwa amekikumbatia kinabakia ndani. Nguvu yangu yote ilinisaidia kuchomoa mguu na kiatu tu. Mdomo wa suruali ulibakia ndani ya mpira.

Aliyekuwa anasimamia uwanja ule ni mama mmoja mtu mzima, Mayu Holo, asiyepandisha sauti. Akanisogelea, akaniuliza mimi ni wa nyumba gani. Badala ya kujibu swali nikaanza kumweleza habari za mchwa, kwamba mnyama huyu chakula chake ni mchwa, mimi nimekanyaga kichuguu, kwa hiyo hapa hakuna utabiri, ni njaa tu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kichuguu chenyewe kiko pale,” akasema. “Mbona hakwenda pale, akaja kwako?”

Mtu mmoja nyuma akasema, “Huyo ni mkwe wa Luhende. Yule aliyekimbiwa.” Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichoamua, maana kwa utaratibu wao alichokichagua kakakuona hakitenganishwi naye kwa nguvu, kinapelekwa pamoja naye kwenye nyumba ya mtu aliyechaguliwa, na mimi pale Ngulyati sikuwa na nyumba nyingine isipokuwa ya wakwe. Nikaomba kitambaa kikatwe. Haiwezekani, chuma hakisogezwi karibu na mnyama. Nikaomba tusubiri ajikunjue. Wakasema atajikunjulia huko huko. Basi ikabakia njia moja, wanaume wakanizunguka wakageuza migongo, nikafungua mkanda.

Mama mmoja akanipa kaniki. Ilikuwa ya mtu mfupi. Mzee Nkwabi alikuwa amesimama palepale barabarani ameshika baiskeli mbili.

Wakamweka mnyama kwenye ungo, yeye na suruali yangu inaning'inia pembeni kama ulimi, wakamtanguliza, ngoma ikaanza, mimi nyuma yake na koti, tai, kaniki ya magotini na soksi, na nyuma yangu Ngulyati nzima. Jua lilikuwa limeshapita utosini. Nilikuwa narudiarudia moyoni yale maneno niliyoyaandaa, kwamba nitalima, kwamba nimeomba nafasi ya kufundisha, na nilishaona kwamba hata kama kila kitu kimeharibika bado nina mdomo.

Sasa jambo ambalo lazima lieleweke ni hili. Kwetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake. Ukimwona anakuja unatoka njiani, unampisha, unatazama pembeni mpaka apite. Hatufundishwi, tunakua nalo, mguu wenyewe unajua. Mama mkwe wangu aliposikia kakakuona analetwa nyumbani kwake, na mwaka wenyewe ulikuwa mkavu, alitoka mbio na vigelegele kupokea baraka. Hakujua nani yuko nyuma ya ungo. Mimi nikamwona anakata kona ya ua, hatua chache mbele yangu, na mguu ukafanya kazi yake. Nikaruka pembeni, nikapita katikati ya mkonge.

Mimi nilipita. Kaniki haikupita.

Nikaangukia upande wa pili, ndani ya uwanja wa nyumba, mbele ya viti vya wazee wa ukoo waliokuwa wananisubiri tangu asubuhi. Mama mkwe aligeuka aliposikia kishindo, akachungulia juu ya mkonge kuona nani kaumia. Kigelegele kilikatika katikati. Akafunika uso kwa khanga yake, akapita pembeni akaingia ndani, na wazee wakaanza kusimama mmoja mmoja, taratibu, kama watu wanaotoka msibani, kwa sababu likitokea jambo kama lile hakuna neno la ndoa linaloweza kuzungumzwa mpaka watu watakaswe, na kutakaswa kunataka mbuzi, na mganga, na siku, na mimi siku nilizopewa zilikuwa zimeisha.

Mzee Luhende alivua koti lake akanifunika. Hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. “Mkwe,” akasema, “nilikuita uniletee neno. Umeniletea ngoma.”

Yule kijana wa pamba alifika muda mfupi baadaye kusalimia, suruali yake imefungwa mkanda vizuri, akaamkia kila mtu shikamoo, hata mimi.

Watu walicheza mpaka wakachoka. Mnyama alijikunjua wakati hakuna anayemwangalia, akaingia shambani, akapotea. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya ghala la mahindi na koti la baba mkwe, Limi akaja ameikunja suruali yangu mikononi. Nikaanza kumweleza habari za kichuguu. Kisha nikamwomba msamaha kwa kumwaibisha mama yake.

“Mama atatakaswa,” akasema. “Hilo lina dawa. Mimi nilikuwa nimesimama hapa uani tangu asubuhi. Nguo nimeshafunga. Nikaziona baiskeli mbili barabarani, nikamwambia mama, huyo anakuja. Halafu nikakuona unasimama.”

Nikamwambia ilikuwa dakika tano.

“Najua,” akasema. Akaniwekea suruali magotini akarudi ndani.

Ng'ombe zilirudishwa Bariadi mchana, kupitia katikati ya mji, siku ya mnada. Baba yangu alizipokea akazifungia zizini. Mvua ya mwaka ule ilinyesha ya kawaida, pamba ikanunuliwa kwa bei mbaya, na watu wakasema kakakuona alishasema, ingawa ukiwauliza alisema nini hasa kila mtu ana lake. Filamu ya kamera ilipotengenezwa ilikuwa na picha moja ya siku ile, nayo ya kiatu changu. Limi aliolewa na kijana wa pamba. Nasikia alihama naye kwenda Maswa, wana duka, na watoto wao wanasoma vizuri.

Tangu siku hiyo niliapa sitasimama tena kuangalia ajabu lolote, na kiapo hicho nimekitunza kuliko nilivyomtunza mke. Majuzi nilikuwa napita Shishiyu kwa baiskeli, watu wamejaa kando ya korongo, mtu mmoja akaniita, mwalimu, njoo uone, maji yamefukua mifupa mikubwa, hajulikani ni ya mnyama gani. Nikampungia mkono, nikaendelea kukanyaga pedeli, sikugeuka hata kidogo. Nilifika nyumbani mapema sana. Nikafungua mlango, nikawasha jiko, nikakaa.