Goti Langu Limeombewa Kilimambogo

Leo nimeombewa goti na haliumi hata kidogo.

Jana mama aliniomba nimsindikize, kanisa yao inaenda kuomba mlimani. Mlima gani, sikuuliza. Na hii baridi ya Julai? Nikamwambia goti linaniuma.

Asubuhi Njeri, beshte yangu, akanitoa kwetu Makongeni tukapande Kilimambogo. Ukungu mzito, huoni mbele.

Kufika juu, tukasikia akina mama wakiimba. Wa kwanza alikuwa wangu.

Nikageuka haraka. Njeri naye akamwita mama yangu: "Mama Wambui! Kumbe uko huku?"

Mama hakunigombeza. Aliwaambia wenzake, "Huyu ndiye yule wangu wa goti. Kujeni tumwombee."

Wakaniwekea mikono. Amina ya Njeri ndiyo ilikuwa kubwa.

Sasa tunashuka, mama yuko nyuma yangu.

Nichechemee, ama nimepona?