Siku Niliyonyolewa Bokoli

Katika wodi yetu ya watoto wenye saratani hapa Kitale kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyetufundisha. Mtoto akifariki, tunabadilisha shuka haraka, tunapangusa godoro kwa dawa, halafu mtu anasema chai inapoa. Mazishi hatuendi. Tukienda kwa mmoja, tutaenda kwa wangapi?

Mimi nilikuwa hodari wa desturi hiyo, tena nilijisifu, ati machozi yangu hayako karibu. Kisha akafariki msichana mmoja wa kijiji cha Bokoli, aliyekaa kwetu tangu mahindi yapandwe hadi yakavunwa. Sindano hakuikubali mpaka nimwimbie, na mimi naimba kama jogoo mgonjwa. Alikufa mikononi mwangu, mama yake akiwa ameenda kuchota maji ya moto. Nikabadilisha shuka. Asubuhi iliyofuata nilishindwa kuupata mshipa wa mtoto mwingine. Nilidunga hapa, nikadunga pale, hadi mama yake akanishika kiwiko, akasema, "Pole pole, sista." Nilimwonea hasira. Siku hizo nilikasirikia kila kitu, hata mume wangu kule nyumbani Kibomet, kwa kutafuna kwa sauti.

Hospitali ikatuletea mshauri, kijana mzuri, viatu vinang'aa. Akatupanga duara, akatuambia tufumbe macho, tuvute pumzi, tuwaze mahali penye utulivu. Mwenzangu mmoja akalala fofofo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nilijiambia, na nilipotoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mkuu wa wodi, nikamwambia mwisho wa mwezi naacha kazi.

Hakubishana nami. Aliuliza tu kama nilishampa pole yule mama wa Bokoli. Sikuwa nimempa. Kusema kweli niliyaogopa macho yake, niliogopa ataniuliza nilimfanya nini mtoto wake.

"Basi nenda kwanza," mkuu akasema, "halafu uache kazi vizuri."

Nilifika Bokoli siku ya kunyolewa. Kwa watu wa huko, mazishi yakishapita, waliofiwa hukaa uani wakanyolewa mmoja mmoja kwa wembe na maji. Mimi ni mzaliwa wa Endebess na mambo yao nayajua kwa kusikia tu, kwa hiyo nilikaa nyuma pamoja na majirani, pakiti mbili za sukari mapajani, nikingoja nafasi ya kusema pole nitoroke. Nyanya wa mtoto, ambaye wote walimwita kukhu, aliponiona akasimamisha wembe.

"Si huyu ndiye sista?"

Mama wa mtoto akainua kichwa. "Ndiye."

Nikazikumbatia zile pakiti za sukari.

"Sasa mbona umekaa na wageni?" kukhu akaniuliza. "Si mtoto alikuwa anarara kwa mikono yako? Kuja hapa."

Mama akasogea kwenye mkeka, akanipa nafasi ubavuni pake. Alitaka kujua jambo moja tu: je, mtoto alilia? Nikamwambia hakulia, nilikuwa namwimbia.

"Na hiyo sauti yako!" akasema. Tukacheka, kisha nikalia kilio ambacho sikujua ninacho, kamasi na yote, wembe ukipita kichwani na maji baridi yakinishuka shingoni. Hakuna aliyeniambia nivute pumzi.

Nilirudi kazini nikiwa na upara. Wenzangu walinitazama, wakarudi kwenye faili zao. Lakini kitandani karibu na dirisha kulikuwa na msichana mdogo ambaye dawa zilikuwa zimemaliza nywele zake zote. Nilipoinama kumpima joto, akanipapasa kichwa.

"Sista, na wewe umeanza dawa?"

"Hapana. Nimefiwa na mtoto."

"Wako?"

"Wangu," nikasema.

Akafikiri kidogo. Kisha akajisogeza ukutani, yeye na dripu yake, akapigapiga shuka kwa kiganja. "Pole. Kuja ukae."

Nikakaa. Mkuu wa wodi alipita, akauliza kama mwisho wa mwezi bado naondoka. Nikamwambia siendi. Ndio kwanza nimejua kulia.