Wimbo wa Mkeka

Mama yangu alizaliwa kijiji cha Olumbi, baba yangu kijiji cha Diaca. Majina yao unayajua, hayana haja ya kuandikwa. Andika polepole, mjukuu wangu, wala usipambe. Mimi sikukaa darasani, lakini maneno yangu nayajua, na yakiguswa nitatambua.

Wimbo uliouleta kwenye simu yako, ule wa kundi la hip hop unaopigwa katika kila harusi mwaka huu, ni wa mama yangu. Wale vijana wamesema wameuchukua kutoka wimbo wa zamani wa redio. Wamesema kweli. Lakini huo wa redio nao ulichukuliwa, na aliyeuchukua ni mimi.

Kaka yangu alivuka mto Ruvuma kwenda kujiunga na wapigania uhuru nikiwa mtoto. Uhuru ulipopatikana wenzake walirudi, wengine na viatu vya jeshi, wengine bila mguu. Yeye hakurudi, na hakuna aliyekuja kutuambia amefia wapi. Kwa kuwa hatukuletewa habari ya kifo, mama hakukaa matanga. Kila alasiri alisuka ukili wa mikeka, akaimba wimbo alioutunga mwenyewe, polepole sana: "Nimetandika mkeka, mwanangu hajafika." Wanawake waliosuka pamoja naye waliitikia kwa sauti ya chini, bila kupiga makofi.

Serikali mpya ilikuwa imetuhamishia katika kijiji cha pamoja, nami niliimba katika kikundi cha utamaduni. Ikaja habari kwamba mgeni mkubwa angetoka mkoani. Kiongozi wa kikundi, mwalimu aliyeletwa kutoka kusini mwa nchi, alitaka wimbo mpya, na hakuna aliyekuwa nao. Nikautoa wa mama, bila kumwomba ruhusa.

Wakatia gitaa na ngoma, wakauharakisha. Kiongozi alisema mgeni hapokewi kwa kilio, akabadili maneno yakawa: "Tandikeni mikeka, vijana wetu wamefika." Mimi ndiye niliyeongoza. Watu walicheza hata vumbi likafunika viatu vya mgeni. Watu wa redio wakaurekodi, na tangu hapo haikupita wiki bila sauti yangu kusikika. Nilijiona mtu.

Siku moja, adhuhuri, mama mkubwa, yaani dada yake mama, aliingia uani akitoka Olumbi kwa miguu, jogoo kwapani. Alikuwa ameisikia sauti yangu redioni, akaelewa kwamba kaka yangu, mtoto wao, amerudi.

"Yuko wapi huyo mtoro?" aliuliza akicheka. "Asipokuja kumpokea jogoo huyu mwenyewe, naondoka naye."

Mama alimpokea yule jogoo, akampeleka kwa jirani akachinjwe, akampika pamoja na wali. Alitandika mkeka, akaweka sahani ya bati ya kaka yangu mahali alipozoea kukaa. Kisha akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyemrudisha. Mpakulie."

Nilipakua. Mama mkubwa aliitazama sahani, akanitazama mimi, akajifunika uso kwa kanga. Tulikaa hivyo mpaka wali ukapoa. Hakuna aliyekula.

Kesho yake nilimwendea kiongozi, nikamwomba ayarudishe maneno ya kwanza. Hakunikaripia. Aliniambia tu, "Kamarada, nchi nzima imeshaucheza." Nikatoka kikundini. Mama aliendelea kusuka ukili kwa miaka mingi, lakini alisuka kimya, na wimbo ule hakuuimba tena mpaka alipokufa. Wanawake waliokuwa wakimwitikia walikwisha mmoja mmoja. Nimebaki mimi.

Sasa sikiliza la kuhifadhi. Usiwaandikie wale vijana kuwatukana; wameuchukua ukiwa umekwisha kupotoshwa, na mkono wa kwanza ulikuwa wangu. Uache kwenye simu yako, ukitaka ucheze harusini pamoja na wenzako. Lakini katika kaderno hii, daftari lako hili, andika maneno ya mama, mstari mmoja, peke yake katika ukurasa. Mwendo wake hauandikiki. Nitakuimbia leo, na kesho, mpaka uushike, na usiuharakishe.

Sahani ya bati iko ndani ya sanduku langu, chini ya nguo. Usiigawe, wala usimpakulie mtu yeyote chakula ndani yake. Ukiulizwa ni ya nani, sema ni ya mtu ambaye hajafika.